Maoni Yangu Juu ya Zebaki

Naomba nafasi nieleze fikira zangu juu ya jambo dogo lililotokea katika maabara yetu muhula huu. Kipimajoto kilianguka kikavunjika. Kilikuwa kile cha zamani, cha zebaki, kilichosalia katika mtoto wa meza tangu siku ambazo vipimajoto vya namna nyingine vilikuwa havijaletwa. Nilikuwa ubaoni naandika. Niliposikia mlio wa kioo niligeuka, na nilichokiona hakikunishangaza, maana hata mimi nilikifanya nilipokuwa na umri kama wao: vijana sita wamepiga magoti wanakimbiza vijigololi vya fedha sakafuni kwa vidole, wanacheka. Mmoja alikwisha kuviweka kiganjani, anavizungusha kama mtu apetaye mchele.

Nililitoa nje darasa zima, nikafungua madirisha yote. Wakadhani nimekasirika kwa ajili ya kipimajoto. Jioni wawili wakaja nyumbani kwangu kuomba radhi, wakasema wenzao wako tayari kuchanga fedha wakilipe. Niliwashukuru kwa adabu yao, lakini usiku sikulala vizuri. Vijana hawa wamesoma zebaki kwangu. Namba yake ya atomu wanaijua, ni 80. Alama yake Hg wanaijua, tena wajua imetoka katika jina la Kiyunani lenye maana ya fedha ya maji. Waliyafaulu maswali yote, na bado walikuwa sakafuni.

Si kosa lao kuipenda. Ni nani asiyeipenda aionapo mara ya kwanza? Metali tunazozijua mitaani, chuma, shaba, bati na risasi, ni vitu vigumu, na kuviyeyusha kwataka moto. Hii yatiririka yenyewe. Haigandi mpaka baridi ifike digrii 38.8 chini ya sifuri, baridi ambayo sisi watu wa Mombo hatuwezi hata kuiota. Vitabu vyasema kwamba ndiyo metali ya pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida. Sitaki kubishana na vitabu, ila naona walioviandika walikaa penye baridi. Iko metali nyingine iitwayo galiamu ambayo huyeyuka kwa digrii 29.8, na kwa joto la hapa kwetu mwezi wa Februari ingekuwa imemwagika mezani kabla ya kengele ya mapumziko.

Na uzito wake! Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini lita moja ya zebaki ni kilo 13 na nusu. Chupa ya soda ya mililita 300 ukiijaza zebaki yapita kilo nne, na mtoto asiyeambiwa akiinyanyua kwa mkono mmoja hudhani imegundishwa mezani. Msumari wa chuma huelea juu yake kama kijiti juu ya maji. Hata risasi huelea. Zaidi ya hayo hailowanishi kioo, nayo ikipata joto hutanuka kwa kadiri iliyo sawa sawa, na kwa sababu hizo Bwana Fahrenheit aliichagua kwa kipimajoto chake mwaka 1714. Kabla yake, mwaka 1643, Mwitalia Torricelli aliijaza katika mrija mrefu wa kioo, akaupindua katika bakuli, akaona kwamba hewa hii tusiyoiona inao uzito wa kuisimamisha zebaki kufikia milimita 760 hivi.

Hizo milimita 760 ni za pwani, kama Tanga. Hapa Mombo, penye kimo cha mita 400 hivi, ni kama 725. Mtu akipanda basi njia panda na kipimahewa chake mapajani, akapita Soni na zile kona zake, afikapo Lushoto zebaki imeshuka zaidi ya milimita 70, na yeye mwenyewe hakuhisi kitu ila masikio kuziba. Mfano huu naupenda kuutumia darasani. Na mama mzazi aliyepimwa presha zahanati akaambiwa 120 kwa 80, ajue kwamba hizo nazo ni milimita za zebaki, ingawa mashine yenyewe siku hizi ni ya betri.

Basi hayo ndiyo tuyafundishayo, nayo ni mema. Lakini mwanafunzi akiulizwa katika mtihani, "Zebaki ina hatari gani?" huandika, "Ni sumu." Nami humpa alama yake. Jibu hilo ni kweli na halimfai kitu. Sumu kwa njia gani? Kwa kuila? Kwa kuishika? Nimewauliza wanafunzi wangu baada ya mkasa ule, na karibu wote walijibu kwamba hatari ni kuinywa. Sasa sikilizeni. Mtu akimeza zebaki ya kipimajoto, karibu yote hutoka kama ilivyoingia, kwa sababu tumbo hufyonza kiasi kisichofika sehemu moja katika elfu kumi. Simwambii mtu ajaribu. Lakini mtu huyo huyo akiuvuta mvuke wake kwa pua, kiasi cha sehemu nne katika kila tano hubaki mwilini. Huingia katika damu, na kwa damu hufika kwenye ubongo na mafigo. Tena kwa mama mja mzito huvuka mpaka kwa mtoto.

Mvuke huo hauna rangi. Hauna harufu. Hauwashi koo wala macho. Pilipili ikiungua jikoni kila mtu hukimbia nje akikohoa, na kwa hiyo pilipili haijamwangamiza mtu. Zebaki haimfukuzi mtu. Wala haingojei kuchemka ndipo itoe mvuke, kama vile maji ya nguo zilizoanikwa yasivyongoja kuchemka. Hewa ya chumba iliyoshiba mvuke wake kwa joto la digrii 20 yaweza kubeba miligramu kama 13 katika kila mita moja ya ujazo, na joto likifika digrii 30, yaani siku ya kawaida hapa Mombo, kiasi hicho chazidi mara mbili. Sheria za afya za nchi nyingi hazimruhusu mfanyakazi avute zaidi ya sehemu ndogo ya miligramu moja kwa mita hiyo. Ndiyo maana nilifungua madirisha.

Nina sababu nyingine ya kulisema jambo hili kwa ukali, nayo ni ya nyumbani kwetu.

Mwaka 2007 nilikuwa kidato cha pili. Likizo ya Desemba kaka yangu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Handeni. Alikuja na mchanga mzito mweusi katika kopo, mchanga uliokwisha kuoshwa na kuoshwa tena mpaka ukabaki ule wenye chembe, na pamoja nao chupa ya dawa ya kikohozi yenye zebaki ndani. Usiku baada ya chakula alimimina vyote katika karai pamoja na maji kidogo, akakoroga kwa vidole. Dhahabu ina urafiki wa ajabu na zebaki. Chembe ambazo jicho haliwezi kuziona, ambazo maji yangezichukua zote, huzikamata na kuzimeza, na mchanga huachwa. Kisha akatia mchanganyiko ule katika kipande cha leso ya mama, akakikamua kama tukamuavyo tui. Zebaki iliyozidi ikapenya ikarudi katika karai, na ndani ya leso likabaki donge jeupe, gumu kidogo, kadiri ya punje ya dengu.

Akaliweka katika kikaango, akakiweka kikaango juu ya jiko la mkaa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya majirani, maana dhahabu ina macho mengi. Mama alikuwapo. Shemeji yangu alikuwapo na mtoto mgongoni. Mimi nilishika taa. Tukatazama donge lile jeupe likianza kusinyaa, likawa la kijivu, kisha mara likawa la manjano, na mama akapiga kigelegele kidogo akajiziba mdomo.

Mimi nikaona ni wakati wa kuonyesha elimu yangu. Nikasema, "Kaka, hiyo yaitwa amalgamu. Zebaki huchemka kwa digrii 357, dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064, basi zebaki yaondoka dhahabu yabaki." Kaka alifurahi mno. Akamgeukia mama akasema, "Waona, mama? Fedha ya ada haikupotea."

Nilisema inaondoka. Sikujiuliza inaondoka kwenda wapi, na sisi tulikuwa watano katika jiko lisilo na dirisha. Mama akakisugua kikaango kwa majivu, na asubuhi akatukaangia mandazi ndani yake. Usiku wa pili kaka alichoma tena, na wa tatu, hata mchanga ukaisha.

Kaka yangu yu hai, naye amenipa ruhusa kuyaandika haya. Hakuacha kazi ile mpaka miaka sita baadaye. Mikono yake hutetemeka. Tukimwandalia chai twamwekea nusu kikombe, naye hujifanya kwamba ndivyo apendavyo. Daktari aliyemwona alimwuliza kwanza kazi yake, na aliposikia neno dhahabu akauliza, "Ulikuwa ukichoma wewe mwenyewe?" Sitasema kwamba ni zile siku tatu za jikoni kwetu, maana alichoma mara nyingi zaidi kule machimboni. Lakini siku alipotoka kwa daktari akatueleza, mama alinitazama mimi, si yeye. Akaniuliza, "Mwanangu, na wewe uliyekuwa ukisoma mambo hayo, mbona hukutuambia?" Nikamjibu kwamba hatukufundishwa. Mama hakusema neno.

Nasema tena, hatukufundishwa. Tulifundishwa digrii 357.

Sasa fikirini, wazazi, vijana wetu huenda wapi wamalizapo kidato cha nne wasipopata nafasi ya kuendelea. Wengine hushika jembe katika mashamba ya mpunga hapa bondeni, wengine hupanda milimani kwenye mboga na matunda, wengine hupakia mizigo stendi. Lakini kila mwaka wako waendao Handeni, Kilindi, Geita na Chunya. Siwalaumu. Mtu mwenye nguvu na asiye na shamba hufuata riziki ilipo. Tena tusidhani kwamba machimbo ni mambo ya mbali. Mwishoni mwa mwaka 2003 dhahabu ilionekana Sakale, katika Usambara ya Mashariki, ndani ya msitu wa hifadhi wa Amani uliotangazwa na serikali mwaka 1997. Watu wakamiminika kwa maelfu. Wakachimba kingo na vitanda vya vijito mpaka maji yakawa rangi ya udongo, na vijito vile ndivyo viingiavyo katika Mto Sigi, na Sigi ndio uingiao bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko watu wa mji wa Tanga wapatako maji yao ya kunywa. Serikali iliwaondosha. Kwa nyakati mbalimbali wako waliorudi. Na popote dhahabu iliyo ya unga inapooshwa, chupa ndogo ya zebaki haiko mbali, kwa maana hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Jambo la kutazamwa sana ni nani anayeumia. Mtu angedhani ni yule ashukaye ndani ya duara, au yule akorogaye kwa mikono. Wataalamu wa afya walipima wachimbaji wa Rwamagasa, wilaya ya Geita, katika mpango wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000. Waliwapima mkojo, damu na nywele. Waliopatikana na zebaki kupita kiwango cha hatari walikuwa ni wale wachomaji. Kazi ya kuchoma huonekana kazi nyepesi, ya kukaa kitako. Huachiwa mzee, au mama, au hufanyiwa nyumbani jikoni kama kwetu. Duniani kote leo kazi hii ya wachimbaji wadogo ndiyo itoayo zebaki nyingi hewani kupita viwanda vya namna yoyote.

Haipotei huko hewani. Hushuka na mvua, nayo inayobaki katika marudio ya mchanga huteremka na maji mpaka kwenye matope ya mito na maziwa. Humo vijidudu vidogo huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, ambayo hiyo sasa huliwa na tumbo huipokea karibu yote. Samaki mdogo hula vijidudu, mkubwa humla mdogo, na katika kila hatua sumu huzidi kukusanyika. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza jambo hili kwa machozi. Kiwanda cha kemikali kilimwaga taka zake baharini. Paka waliokula samaki walianza kurukaruka kama walevi wakaanguka wakafa, na mwaka 1956 madaktari wakatangaza ugonjwa wa watu usiojulikana. Akina mama waliojiona wazima walizaa watoto waliopinda viungo. Hata hivyo haikuwa mpaka 1968 ndipo serikali ya Japani ilipokiri kwamba chanzo ni kiwanda. Ndiyo maana mkataba wa dunia juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji ule. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2020.

Niseme neno moja kwa wasichana wetu na mama zao, kisha niliache, kwa sababu najua si jambo la kupendeza kuambiwa na mwalimu mwanamume. Ziko krimu na sabuni za kujichubua zilizotiwa chumvi za zebaki. Serikali imezipiga marufuku, lakini hazikosekani katika maduka na magulio, wakati mwingine bila ya jina la zebaki kuandikwa popote. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na wakati huo huo hupenya hata kwenye mafigo. Mtoto anyonyaye kwa mama aliyejipaka hana habari ya urembo, naye hupata fungu lake.

Basi nataka nini? Nataka mambo mawili, na la kwanza wako walimu wenzangu ambao hawaliafiki. Nataka zebaki iondoke katika maabara za shule. Vipimajoto vya pombe yenye rangi vipo na vinatosha kwa masomo yetu yote. Vya umeme vipo pia. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia ofisini, "Bwana, mwanafunzi asiyeona hakumbuki. Ukiondoa zebaki utabaki na maneno matupu." Neno lake ni zito, nami nakiri kwamba bila ya vile vijigololi nisingelipenda somo la kemia hata kidogo. Kwa hiyo nimekubaliana naye nusu. Shule iwe na kiasi kidogo tu ndani ya mrija mnene wa kioo uliozibwa kabisa na kutiwa katika kisanduku cha plastiki, wanafunzi waupindue huku na huku waone inavyokimbia na kugawanyika na kuungana tena. Hiyo yatosha kwa macho. Yeye atoa hoja kwamba mrija nao waweza kuvunjika. Tumeliacha hapo.

La pili ni kubwa zaidi. Tusimwambie kijana aendaye machimboni kwamba zebaki ni sumu, tukanyamaza. Amekwisha kuambiwa hivyo hivyo juu ya sigara, na waliomwambia walikuwa wanavuta. Tumwonyeshe mambo ambayo ataweza kuyatumia siku ya kwanza. Kwamba asichome jikoni wala ndani ya chumba cha kulala, hata kama majirani wana macho. Kwamba kikaango cha dhahabu hakirudi kuwa kikaango cha chakula. Kwamba kiko chombo cha chuma, mfano wa kikombe chenye kifuniko cha kukaza na mrija unaopita katika maji baridi, ambacho humo donge huchomwa na mvuke hurudi kuwa zebaki ikadondoka katika bakuli, na kwa njia hiyo sehemu tisa katika kumi na zaidi huokolewa zikatumika tena. Fundi wa kuchomelea mageti anaweza kukitengeneza. Mchimbaji ambaye hajali afya hujali fedha, na zebaki hainunuliwi bure. Pia iko njia ya kuyeyusha mchanga uliooshwa sana pamoja na unga wa boraksi, bila ya zebaki kabisa, iliyoanza kwa wachimbaji wa Ufilipino. Yataka uoshaji wa uangalifu zaidi, na mtu mwenye haraka haipendi.

Mambo haya yote ni kemia ya kidato cha pili. Kuchemka, kupoa, kutonesha, kuyeyuka. Sioni kwa nini tuyafundishe kwa mfano wa maji ya chumvi tu, wakati katika kila darasa la watoto arobaini wako wawili watatu ambao kabla ya miaka mitano kupita watakuwa wamechuchumaa mbele ya karai.

Mkasa wa kipimajoto tuliumaliza hivi, na wazazi wanaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani, maana vile vya homa vya zamani bado viko makabatini. Tulingoja hewa ipite kwa muda mrefu. Hatukufagia, kwa kuwa ufagio huvunja tone moja kuwa mia na kila tone hutoa mvuke wake. Nilivua pete yangu ya ndoa kwanza. Mwalimu mmoja niliyemfahamu hakuivua, ikageuka nyeupe kidoleni, na kumweleza mkewe kulichukua siku nyingi. Nilivaa glavu, nikayasukuma matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu mpaka yakaungana, nikayatia katika kopo lenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza. Katika ufa wa saruji ambamo karatasi haikufika nilinyunyiza unga wa salfa, ambao huishika zebaki na kupunguza mvuke wake. Yule kijana aliyezichezea kiganjani alinawa kwa sabuni, shati likaanikwa nje. Hana neno. Kipimajoto kimoja hakina zaidi ya gramu chache, na mchezo wa dakika mbili penye upepo si sawa na miaka sita ya moto.

Katika kabati la nyuma iko chupa nyingine, ya kioo kizito, iliyokuwapo kabla sijaajiriwa hapa. Haijai, lakini nikiinyanyua nakisia ni kilo mbili na ushei. Mwalimu Mkuu amekubali iondoke, na barua ya kuuliza namna ya kuikabidhi imekwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Nimeiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo ndani ya kabati, na ufunguo ninao mimi. Walionijia jioni ile kuomba radhi wameniomba waione mara moja kabla haijachukuliwa. Nimewaambia wataiona ikiwa ndani ya chupa, nje ya jengo, chini ya mwembe, siku yenye upepo, na kwanza waniandikie ukurasa mmoja juu ya mahali ambapo zebaki ya kaka yangu ilikwenda.